Marehemu Anakaa Ngeli Gani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa darasani, na mlango unakataa kunifungulia.

"Saa tisa ni saa tisa," mlango ukasema. Kisha ukanitazama vizuri. "Si wewe yule wa 'marehemu ilizikwa'?"

Nikakubali. Habari ilikuwa imeshaenea.

Jana mchana, katika ngumbaru yetu pale kwenye ukumbi wa kanisa, Mwalimu Mokeira aligawa maneno, kila mwanafunzi atunge sentensi na lake. Mimi akanipa 'marehemu'. Hakukusudia ubaya, ni mgeni hapa Keroka na mimi sina tabia ya kujitangaza. Nikasimama nikasema, "Marehemu ilizikwa Januari." Wazee wenzangu wakacheka mpaka meno ya bandia ya Mzee Ombasa yakaanguka mezani. "Mama Nyanchama," Mwalimu akasema kwa upole, "ilizikwa ni ya vitu. Marehemu ni mtu, anakaa ngeli ya A-WA." Nikaketi. Nikaamua moyoni kwamba sirudi tena. Mwanamke wa umri wangu ana mahali pengi pa kwenda kuchekwa bila kubeba kalamu.

Nililolilia usiku si kicheko. Marehemu wangu ni Onsase, mume wangu, aliyenisomea kila kitu tangu tuoane: dawa, ujumbe wa simu, maandishi ya gunia la mbolea. Nami nimesimama mbele za watu nikamfanya kitu.

"Pita," mlango ukasema. "Kamtafute."

Ndani hakuna darasa tena. Kuna ushoroba mrefu, na kila ngeli ina chumba chake. Nachungulia chumba cha U-I. Mkate umekaa dawati la mbele, umekunja mikono.

"Mzee yangu yuko hapa?" nauliza.

"Alikuwa hapa Januari," mkate ukasema. "Mlipokuwa mkimwita mwili. Mwili umefika, mwili utolewe, mwili uingizwe ndani kabla ya mvua. Alikaa hapo, kati yangu na mkeka. Mpole sana. Jana akahamishwa."

"Nani alimhamisha?"

"Wewe."

Nageuka, na chumba cha I-ZI ni jiko langu mwenyewe. Taa, sahani, sufuria, zote zimenyamaza kama wageni waliofika mapema. Kwenye rafu ya vyombo, kati ya sufuria na chupa ya chai, amekaa Onsase na koti lake la kahawia, magoti yamemfika kidevuni.

"Imekaa hapa tangu jana," akasema. "Inasikia baridi."

"Nani inasikia baridi?"

"Mimi. Ndivyo wanavyosema humu."

"Sheria ni sheria," ikasema chupa ya chai. "Hata mimi ningependa kuambiwa amechoka. Naambiwa imevuja."

"Usijali, Mama Nyanchama," Onsase akasema. "Si pabaya. Ila sufuria inakoroma."

Nikashindwa kuvumilia. Alikuwa ananibembeleza mimi, yeye aliyekunjwa rafuni! Nikamshika nimvute, lakini hakusogea hata kidogo.

"Hatoki bila upatanisho," chupa ikasema. "Uligombanisha maneno, yapatanishe. Tunga sentensi."

Sahani zikanipa sindano, uzi, na ungo uliojaa maneno, niyatunge kama ushanga. Nikalitia uzini neno 'marehemu'. Nilipolileta 'ilizikwa' yakapeana mgongo, hakuna hata salamu. Nikatafuta chini ya ungo nikalipata 'alizikwa'. Hayo yakasogeleana, yakaulizana habari za watoto, yakaingia uzini bila shida. Onsase akashusha mguu mmoja.

Mmoja tu.

Mlangoni pakatokea Herufi A, mwanamke mfupi aliyetanua miguu na kufunga leso kiunoni. Ndiye mlinzi wa A-WA.

"Umepatanisha vizuri," akasema. "Lakini kuzikwa ni jambo alilofanyiwa. Atashukaje na mguu mwingine? Mpe jambo analofanya mwenyewe. Leo."

"Leo? Lakini yeye ni marehemu, dada."

"Nimesikia. Marehemu yuko kwangu, pamoja na wewe, na kuku, na mbu. Hatukumwondoa. Anafanya nini?"

Nikatazama ungo. Umebaki mtupu. Kuna kipande cha chaki tu, na ukuta wa jiko umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka yote niliyompikia. Sijawahi kuandika ubaoni. Nikaandika 'Marehemu'. Nikafikiria kuandika kwamba ananisomea, lakini huo ungekuwa uongo. Tangu Januari hakuna anayenisomea. Nikalia kidogo. Kisha nikaandika, herufi moja moja:

*Marehemu ananisikiliza nikisoma.*

Onsase akashuka rafuni, akajinyoosha, akapangusa suruali.

"Umeelewa ulichoandika?" A akaniuliza. "Ukiacha kusoma, huyu hatakuwa na la kufanya. Nitamrudisha rafuni."

"Sitaacha," nikasema.

Nikamshika mkono wa koti kwa vidole vilivyojaa chaki, nikampeleka mpaka A-WA. Humo mna watu wengi, na mbu wawili wanaotumia dawati moja, na ng'ombe wetu Maridadi aliyekufa zamani. Onsase akaketi karibu naye.

"Kaa salama, mzee yangu," nikasema.

"Wangu," Maridadi akasahihisha, bila kuinua kichwa.

"Saa tisa usichelewe," Onsase akasema. Nikaamka.

Kumekucha. Koti lake la kahawia lilikuwa mahali pake nyuma ya mlango, linakoning'inia tangu mazishi, maana nimekataa kuligawa. Nikalitazama bure tu, kama ninavyofanya kila asubuhi. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na alama nne za vidole, nyeupe. Nikazinusa. Chaki. Nyumbani kwangu hakuna chaki, na Mwalimu Mokeira hajawahi kutugusisha yake.

Sikulipangusa. Nilimimina chai, nikachukua pakiti ya majani, nikaketi nikilielekea koti na kusoma kwa sauti kilichoandikwa nyuma ya pakiti. "Hi-fa-dhi. Ma-ha-li. Pa-ka-vu." Ilinichukua muda. Nilikuwa na muda mpaka saa tisa.

"Koti lako lina chaki, mzee wangu," nikasema.

Nikangoja. Hakuna aliyenisahihisha.