Mgongo wa Mdudu wa Viazi

...na nani atampikia ndugu yangu, wewe? Shangazi Lorraine anauliza huko jikoni, sauti yake inapita mlangoni pamoja na harufu ya ploye, chapati zetu za maji, zinazoungua, maana akigombana husahau kwamba kikaango cha chuma kiko motoni, na kaka yangu Luc anamjibu, Baba ana mikono miwili, Shangazi, mtu aliyeendesha trekta maisha yake yote hawezi kushindwa na mwiko, na Shangazi, mikono anayo, mgongo je, unaujua mgongo wake wewe uliyekimbilia Portland kuwachemshia watu kahawa, umeturudia na ulimi wa kuazima, na Luc, basi mpikie wewe, si ndugu yako, na chuma kinagongwa ngwa, na mimi nimekaa hapa mbele ya kompyuta ya Mama najifanya sisikii, mgongo, mgongo, na ninaoutazama ni mgongo mwingine kabisa, wa mdudu wa viazi, wa njano wenye mistari myeusi, mdudu mdogo kuliko ukucha wangu lakini kwenye kioo amekuwa mkubwa kama mkate, na ninachotakiwa kuamua ni kitu kidogo tu, programu ya kuunganisha picha, ya kijani au ya kijivu, zote mbili nilipewa nizijaribu bure na muda wa zote mbili unaisha leo, na Luc amesema tunaondoka kwenda kwake Portland kabla theluji haijaziba barabara, nami nikamwambia ngoja nimalize kuchagua, maneno yale yale niliyomwambia Krismasi, Krismasi alicheka, leo hakucheka... Bado unachagua? alisema, watu wanachagua mume haraka kuliko hivyo. Lakini yeye hajui, hajawahi kumpiga picha mdudu, hajui kwamba ukimsogelea sana kamera inaona ukanda mmoja tu, mwembamba kama uzi, ukipata jicho papasi zake za kichwani zinapotea katika ukungu, ukipata papasi jicho linazama, kwa hiyo unapiga nyingi, moja baada ya nyingine, kamera ikisogezwa kidogo kidogo, halafu programu inachukua palipo wazi katika kila picha na kuunganisha mdudu mmoja mzima, kila picha ina ukweli wake mdogo, Mama alikuwa akisema, usiilaumu, mwanangu, ingoje mwenzake. Na Baba akipita na buti zake za matope humwambia Mama, wenzako wanapiga picha harusi, Sylvie, wewe unawapiga picha wanaokula viazi vyetu, nao wakicheka, nakumbuka walikuwa wakicheka, au mimi ndiye nimeunganisha hivyo, nimechukua palipo wazi nikaacha penye ukungu... Kaenda shule lini huyu mtoto, Luc anauliza, niambie lini, na Shangazi anakwangua chuma, hata mimi siku yenyewe siijui, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu alisema usiende, shule zilifungwa kwa mavuno ya viazi kama kila mwaka, sote tukaingia mashambani, na katika mavuno hayo hayo Mama akaondoka, shule zilipofunguliwa mimi nilikuwa jikoni namenya, basi la shule likasimama pale kwenye sanduku la barua, likapiga honi, likangoja, likaenda, na siku nyingine likapita bila kusimama. Hivyo tu. Sasa Mama yuko Arizona, hupiga simu siku za sikukuu, huuliza kama theluji imeanguka, na mimi husema ndiyo, imeanguka, halafu tunasikilizana tukipumua. Ndiyo maana hizi picha. Ni za asubuhi ile ya mwisho, alizikuta Baba ndani ya kamera, Mama alikuwa hajaziunganisha, na mimi nilitaka niziunganishe vizuri, bila doa, nimtumie, aone kazi yake haikukatikia njiani, aone kuna mtu hapa anayeweza, na akishaona... sijui, akishaona. Lakini ile ya kijani inalainisha kila kitu, inatoa mgongo unaong'aa kama umepakwa siagi na miguu isiyo na kinyweleo hata kimoja, kama imenyolewa, na ile ya kijivu inaacha kila kinyweleo mahali pake lakini inaweka mgongoni doa, kivuli kama cha moshi, nimejaribu mara nyingi na kivuli hakitoki. Nikamwandikia yule mzee wa Oregon, upande wa pili kabisa wa nchi, yule wa kwenye ukurasa wa wapiga picha wa wadudu, ndiye mtu ninayezungumza naye kuliko wote siku hizi na jina lake la kweli silijui, naye ananiita mwenzangu, anadhani mimi ni mtu mzima mwenye kazi na ofisi, akanijibu asubuhi hii, programu haina kosa, mwenzangu, kuna kitu kilisogea chumbani, zipitie moja moja ukitafute. Nami napitia moja moja. Nje kuna kitu kimedondoka puu, labda theluji kutoka paani, labda Baba, tangu alfajiri yuko nje hajasema neno, Shangazi anasema kimya chake ni hapana, Luc anasema kimya chake ni kimya... Huyu hapa. Kumbe mgongo wa mdudu ni kioo kilichobinuka, nilikuwa natazama vinyweleo, sikutazama ule mstari mweusi unaong'aa, na ndani yake limo dirisha hili hili, dogo kama punje ya mchele, na mbele ya dirisha kuna kichwa, kimefungwa kitambaa. Mama. Ninapeleka mshale, picha inayofuata, Mama, inayofuata, Mama, amekaa kwenye kiti hiki nilichokalia, ameinama, na ni kama nimemsikia akiniita, nakuvuta karibu, Mama, mpaka unageuka vidoti, narudi nyuma unakuwa mtu tena, ulikuwa humo wakati wote nami nahangaika kukufuta... inayofuata. Kichwa kimepanda juu. Amesimama. Inayofuata, amegeuka ubavu, ana kitu mkononi, cha mraba, cheusi, sanduku la nguo. Inayofuata, yuko pembeni, kwenye mlango wa nje, ule wa upande wa kuni. Inayofuata, kiti. Dirisha na mgongo wa kiti. Kiti tena. Kiti tena. Nasukuma mshale na ni kiti, kiti, kiti, na bado ni nyingi, kwa maana kamera ilikuwa juu ya ile reli yake ndogo yenye mota, ukishaiwasha inajisogeza yenyewe, inajipiga yenyewe, ti, inasogea, ti, haihitaji mtu, na mimi niliisikia! nilikuwa jikoni nakoroga unga wa ploye, nikaisikia ukutani, ti, ti, na Baba aliponyoosha mkono kufungua mlango nikamwambia usiingie, Baba, utatikisa, Mama anapiga picha. Akarudi nyuma kwa vidole vya miguu, na buti zake miguuni. Tukamngoja, tukala bila kugonga vijiko... na huku chumba kilikuwa kitupu, mdudu peke yake anapigwa picha na mashine, na yeye yuko barabarani.

Hakungoja imalize. Nilikuwa nimeamini alimaliza, kwamba alikaa mpaka picha ya mwisho, akaitazama, ndipo akainuka. Hakuna programu ya hiyo. Ile ya kijani inamfuta kama hakuwahi kuwamo, ile ya kijivu inamwacha nusu, moshi, si wa kukaa si wa kwenda, na mimi miezi yote hii natafuta ya tatu, ya kumkalisha... Basi mtunze wewe huyo baba yako! Shangazi anasema, lakini sauti imepungua, imeanza kulia au kucheka, na Luc, Shangazi, jamani, ploye zako, tazama, hizo sasa ni makaa, na puu nyingine nje, hapana, si theluji, ni mlango wa nyuma wa pikapu, na buti za Baba ziko barazani zinakung'utwa, ko, ko, na ile ya kijivu nimeibonyeza mara ya mwisho bila kuondoa hata picha moja, Mama wote wamo, wa kukaa na wa kusimama, na viti vyote, kimstari cha buluu kinaanza kujaa polepole, kidogo sana, kitachukua muda, mimi bado nimekaa kwenye kiti kile kile, mkono uko kwenye kipanya cha kompyuta, lakini najua sasa kwamba nikiinuka nitapitia jikoni, mlango wa kuni sitautumia, na Luc anasukuma mlango, koti langu liko begani mwake, anaitazama kompyuta, ananitazama, na kwa mara ya kwanza leo haniulizi kama nimechagua.

"Iache, itajimalizia yenyewe. Njoo uage, mdogo wangu, Baba amepakia gunia zima la viazi, kama vile Portland hakuna viazi."