Kangaja wa Sebuleni

Anwar alikuwa na shahada ya sayansi ya bahari, na kwa kuwa kazi ilikuwa haijapatikana, bahari aliihamishia sebuleni kwa mamake, mtaani Bofu: tangi la kioo, mawe machache, pampu ya hewa iliyokoroma kama mtu mwenye mafua, na samaki mmoja wa buluu aitwaye kangaja, mdogo kama kiganja. Alimtoa kwenye wavu wa mvuvi, akajiona mwokozi.

Tangu hapo alibeba madumu ya maji ya chumvi kutoka ufuoni, akamlisha mwani, na kila mgeni akamhutubia juu ya matumbawe hadi chai ikapoa. Msikilizaji wake mwaminifu alikuwa kangaja, maana hakuwa na pa kwenda.

Alasiri moja aliingia Agneta, jirani mpya, msusi aliyehamia kutoka Kitui.

"Wee! Samaki mrembo hivi?"

"Karibu, dada. Ni wako," Anwar akasema, kama alivyolelewa. Mgeni akisifu kitu, mwenyeji humpa. Mgeni naye hushukuru na kukataa, chai ikaendelea. Kwa desturi hiyo mamake alikwisha kugawa kabati, saa ya ukutani na hata Anwar mwenyewe, na hakuna kilichowahi kutoka mlangoni.

"Ati wangu? Mungu akubariki!"

Agneta alitoka mbio, akarudi na ndoo ya maji ya bomba na chujio la chai.

Anwar akaganda. Maji yasiyo na chumvi yangemuua kangaja kabla hajavuka ua. Lakini kumnyang'anya mgeni alichopewa! Akamtazama mamake, aliyeketi akinywa chai, amnusuru.

"Mpe mgeni haki yake, mwanangu," mama akasema, macho kikombeni.

Chujio likagusa maji. Anwar, aliyekusudia kueleza kwa utulivu wa msomi, akajikuta amelikumbatia tangi, shavu kwenye kioo.

"Usimtoe, atakufa! Ile ni adabu yetu tu, dada. Ulitakiwa ukatae!"

"Ningejuaje? Kwetu ukipewa kuku, unamshika miguu unaenda!"

"Huyu simtoi. Nampenda."

Mama akajifunika uso kwa leso. Mabega yakamtikisika, na Anwar akajua si kilio.

Agneta akaweka ndoo chini. "Sasa huyo mpenzi wako, mbona anagonga kioo?"

Anwar akatazama. Kangaja alikwenda na kurudi, domo likipapasa ukuta wa kioo, akitafuta mahali unapoishia. Siku zote Anwar alikuwa akiita hiyo furaha.

Akainua ndoo, akamwaga maji ya bomba uani, akaijaza kwa maji ya tangi.

"Nishikie chujio," akasema, akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Tunampeleka baharini."

"Haya, twende, kabla hujamgawa tena."

Wakatoka wameshika ndoo huku na huku, Anwar akimsihi Agneta asiitikise.

"Mkifika huko," mama akawapigia kelele toka mlangoni, "mniletee changu wa kukaanga!"