Hoja Niliyokuwa Nikiifumua

"Mnasema nitapofuka," Mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Halafu mnasema kule kituo cha afya kuna viti vizuri vya kungojea. Sasa kipofu na uzuri wa kiti wapi na wapi?"

Mjomba alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alikuwa ametoa sababu tisa za Mama kwenda kutibiwa, na hiyo ya viti ilikuwa ya tisa. Aliitia juu tu, kama muuza maharage anavyoongeza konzi moja baada ya kupima. Mama aliziruka zile nane zote, akaikamata hiyo moja, akaigaragaza chini mpaka tukacheka. Na tukishacheka, ameshashinda.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa sababu nyingi, anazigeuzageuza kama mnunuzi wa nyanya, anatoa iliyooza, anakuonyesha, anaondoka zake.

Na Mjomba si mtu wa kushindwa kusema. Ni dalali. Mnadani anaweza kukuuzia mlango huna nyumba. Lakini mbele ya dada yake alikuwa akitoka jasho tu.

Madaktari wa macho walikuja kwenye kituo chetu cha afya kwa wiki moja. Jumatatu, Mama alimsindikiza dada yangu kupeleka mtoto kliniki, na daktari mmoja akamwona akipapasa ukuta. Akamkalisha, akammulika. Akasema jicho la kushoto limeshakwenda, presha ya macho imelimaliza, na kilichokwenda hakirudi. La kulia likipasuliwa kabla hawajaondoka Ijumaa, litabaki.

Mama alimshukuru kwa adabu, akarudi kwenye cherehani yake.

"Daktari mwenyewe kavaa miwani," akatuambia. "Ajitibu kwanza."

Jumanne dada alilia. Mama akamrushia kipande cha kitambaa. "Jifute, mwanangu. Utaharibu macho."

Jumatano ndiyo akaja Mjomba na tisa zake. Aliposhindwa kubembeleza, akatisha. Aliposhindwa kutisha, akaita watu kuwa mashahidi wa ukaidi, na hapo Mama akaweka mkasi chini.

"Haya, niambie. Kama macho yangu mabovu, nitajie mteja mmoja tu aliyerudisha nguo. Mmoja!"

Mjomba akajipangusa jasho. Akanigeukia mimi kwa hasira.

"Na wewe, Kimya? Mama yako anapofuka, wewe unapiga pindo tu? Huna la kusema?"

"Mwache mwanangu," Mama alisema. "Humu ndani huyu peke yake ndiye hajanichosha."

Niliinama juu ya kitambaa. Nilitamani kupiga kelele, na sijui ningempigia nani, Mama, au Mjomba na maneno yake, au mimi mwenyewe. Kwa sababu hakuna mteja aliyerudisha nguo, na nilijua kwa nini.

Kila mchana Mama alipokwenda kujinyoosha chumba cha nyuma, mimi nilichukua wembe na kufumua alichoharibu. Mfuko ulioshonwa ukafungwa mdomo. Kola iliyoshonwa ndani nje. Nilifumua, nikashona upya, nikapiga pasi, na akirudi anakuta nguo imekunjwa. Nilijiambia ni heshima, mtoto hamkosoi mzazi. Lakini pia kufumua kulikuwa rahisi kuliko kusema, na mimi kusema sijawahi kukuweza. Hata shule, kabla sijaacha, mwalimu akiniuliza nilijibu kwa kichwa.

Kwa hiyo nyumba nzima ilihangaika kutafuta hoja, na hoja nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nikiifumua kila siku.

Alhamisi mchana kulikuwa na shati la mlinzi, la buluu nzito. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, wa kushoto kulia. Nilishika wembe. Nikauweka. Nikaushika tena. Mwisho nikautia kwenye kopo la vifungo na kukaa nikisikiliza saa ya ukutani.

Mama aliporudi nilimwekea shati mapajani.

"Shati la mlinzi, Mama. Sijalifumua."

"Ulifumue kwa nini?"

Maneno ya kulainisha yalijaa kinywani, nikayameza. Ningeongeza hata moja, angelikamata hilo.

Vidole vyake vilipita kwenye kola, vikashuka begani, vikazunguka kwapa. Vikasimama. Vikarudi nyuma, vikazunguka tena polepole, bega hili na lile.

"Nimegeuza mikono."

"Ndiyo, Mama."

"Ni la kwanza?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akakaa hivyo, uso ameuelekeza mlangoni palipokuwa na mwanga.

"Miezi saba," akasema. Halikuwa swali. "Ungeniambia."

"Ungenishinda."

"Ningekushinda," akakubali.

Ijumaa alipasuliwa, wa mwisho kabisa kwenye orodha. Jicho la kulia lipo mpaka leo, linaona vya mbali vizuri kuliko vya karibu. Mjomba anawaambia watu kwamba ni yeye aliyemlainisha, na hakuna anayembishia. La kushoto hatulizungumzii. Wakati mwingine nikimletea chai upande ule, anashtuka kikombe kikigusa meza, nami nahesabu miezi upya, kana kwamba itapungua.

Lakini Alhamisi ile, kabla ya yote hayo, alinirudishia shati.

"Fumua. Mwenyewe analifuata jioni."

Nikatoa wembe, nikainuka kwenda nalo kwenye kona yangu, kama kawaida.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza. Akavuta kigoda, akakipigapiga kwa kiganja. "Kaa hapa. Fumua nikiona."