Taa Kifuani mwa Mama Lusajo

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko chini ya gari la wagonjwa, nimelala chali juu ya boksi langu nililolikunjua, na gari linaniamkia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Leo utanipima, au utanipapasa tu kama wengine?"

Nikalijibu kwamba mimi sijawahi kupapasa gari. Miaka kumi na tisa kwenye karakana ya halmashauri, elimu yangu darasa la saba, injini nimezijua kwa sikio na kwa pua. Gari likasema basi vizuri, kwa sababu leo ni Jumanne, na saa nne linampakia mke wangu.

Hapo nikaelewa ni Jumanne ipi.

Nieleze kidogo, maana ndoto haielezi. Mke wangu Sekela, Mama Lusajo, alifia ndani ya gari hilo, Jumanne, kwenye mlima wa Isyeto, akipelekwa hospitali ya mkoa. Gari lilizimika kwanza, yeye akafuata. Aliyekuwa naye pale barabarani ni dereva. Mimi nilikuwa karakana, nafunga breki za gari jingine.

Ugonjwa wa gari lile nilikuwa naujua. Pampu ya mafuta. Likiwa la baridi linakwenda vizuri, likipanda mlima likapata moto, pampu inakata. Ukilivuta hadi karakana limeshapoa, unageuza ufunguo mara moja linawaka, na kila mkubwa anakuangalia wewe kama umesema uongo. Fomu ya kuomba pampu nilijaza mara tatu. Pampu ikaja. Wakaifunga kwenye gari la mkubwa mmoja, gari ambalo halikuwa linaumwa popote.

"Kwa hiyo tuna mpaka saa nne," gari likasema.

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Tatu na robo. Na pampu hii haifiki Isyeto. Haikufika, na haitafika."

Nikatoka chini, nikaenda kwa mashine ya kupimia. Siku zote huwa inaning'inia ukutani kwa waya wake. Kwenye ndoto ilikuwa imekaa kwenye kiti, imekunja nne, imevaa miwani.

"Hakuna kosa lililopatikana," ikasema.

"Sijakuchomeka bado."

"Hata ukinichomeka."

"Linazimika mlimani, likiwa la moto."

"Basi lizimike hapa, mbele yangu, saa za kazi. Mimi naandika ninachokiona."

"Mlima uko kilomita thelathini."

"Ulete."

Nikaenda kuuleta mlima. Haukuwa mzito nilivyodhani. Niliuinua upande mmoja kwa jeki ya magurudumu nikausukuma, kona zake zote saba zikinifuata nyuma na vumbi. Mlinzi wa getini akauuliza mlima kama una kitambulisho. Mlima ukamwambia wenyewe hauna, ila una kibao cha barabara, akakubali.

"Mimi sikumuua mtu," mlima ukaniambia tulipoingia. "Wananisema vibaya huko sokoni."

"Najua," nikasema. "Simama hapo pembeni ya matairi."

Sasa gari linaupanda mlima. Lakini ndani ya karakana kuna kivuli, kuna ubaridi, na mlima wenyewe umejikunyata kwa aibu ya ugeni. Gari linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mara tatu, halikohoi hata kidogo. Mashine inalifuata kwa macho kama anayetazama mpira. Halafu inaandika: gari ni zima, fundi aache uzushi.

"Ndivyo walivyomwambia na yeye," gari likasema, likaegesha.

Ni kweli. Moyo ulikuwa unamshika Mama Lusajo akipandisha na ndoo ya maji. Anakaa chini, anapumzika, anajikongoja mpaka zahanati, akifika moyo umeshatulia. Wanampima. Mama, huna kitu, nenda nyumbani. Mara nne walimwambia hivyo. Nilimwambia awaombe wampime akiwa na ndoo kichwani. Akasema, "Baba Lusajo, wewe unadhani kila kitu ni gari."

Nikageuka nichukue spana, nikajikuta nimesimama ofisini kwa Bwana Kyando, afisa usafirishaji wetu. Ofisi iko mle mle ndani ya shimo la kukagulia magari, ina zulia, ina feni. Bwana Kyando mwenyewe amepandishwa juu ya stendi mbili za kuegemezea gari, miguu inaning'inia haigusi chini, na haoni tatizo lolote.

"Mkuu, naomba pampu," nikasema. "Gari lina mgonjwa saa nne."

"Kipya hutoka stoo baada ya kikuukuu kurudishwa. Kanuni unaijua."

"Naijua, mkuu. Lakini nikiifungua ya zamani nikairudisha, gari linabaki halina pampu."

"Gari lisilo na pampu haliruhusiwi kusafiri."

"Ndicho ninachosema."

"Basi tunaelewana."

Akafungua droo. Ndani kulikuwa na pampu mpya, imelazwa kwenye pamba, imevaa tai. Ikanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Huyu nani?" ikamuuliza Bwana Kyando.

"Fundi."

"Aniletee kwanza mwenzangu anayestaafu. Siwezi kuingia kwenye nafasi ambayo ina mtu."

Droo ikajifunga yenyewe. Nikaivuta, ikavutika pamoja na meza, pamoja na zulia, pamoja na feni, lakini haikufunguka. Bwana Kyando akaniacha nivute mpaka nikachoka. Wale watu wana subira sana na mchoko wa mtu mwingine.

"Mgonjwa ameshafika," akasema. "Litoe gari. Ila tangazo umelisoma."

Tangazo liko nyuma yake, limeandikwa kwa herufi kubwa: hakuna gari litakalotoka karakana taa ya injini ikiwa inawaka. Hiyo kanuni waliileta wao walipotoka kwenye semina. Mtu aliyekaa semina siku tano anadhani taa ndiyo ugonjwa.

Na hapa niseme lililofanyika kweli, Jumanne ile. Taa ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Bwana Kyando akapiga simu, akasema kuna mgonjwa anasubiri, fanya taa isiwake. Nikafungua dashibodi, nikachomoa balbu. Ni kazi ya dakika nne. Mafundi wote tunafanya, muulize fundi yeyote akiwa peke yake atakwambia. Gari likatoka safi. Balbu ingekuwepo, hata kama gari lingepita getini, dereva angeiona taa bado inawaka pale chini, kwenye tambarare, ambako kuna watu na kuna magari ya kuomba msaada. Hakuona kitu. Akapanda.

Kanuni ni yao. Simu ni yao. Pampu waliila wao. Mkono ulikuwa wangu.

Basi kwenye ndoto nainama kwenye dashibodi na bisibisi fupi mkononi, na dashibodi haipo. Yupo Mama Lusajo, amelala kwenye kitanda cha gari, amevaa kitenge cha kijani, na juu ya titi la kushoto inawaka taa ya injini, ya njano, kale kamchoro kenyewe.

"Itoe," anasema Bwana Kyando. Amekuja na stendi zake mpaka mlangoni mwa gari.

Taa ni ya kugeuza robo ya mzunguko tu, inachomoka. Naishika. Ni ya moto.

"Usinitekenye," anasema mke wangu.

"Fundi, saa nne kasoro dakika mbili," anasema Bwana Kyando.

"Sitoi, mkuu."

"Gari halitatoka."

"Lisitoke."

"Nitakuandikia barua."

"Andika."

Akaanza kuandika pale pale, juu ya paja lake, kwa oili chafu. Stendi zikaanza kulegea, akawa anashuka taratibu, anaandika, anashuka, mpaka shimo likamfunika, na bado nilisikia kalamu.

Saa nne ikafika. Gari likajiwasha, likasogea mpaka getini. Geti likainama, likatazama kifua cha mke wangu kupitia kioo.

"Taa," geti likasema, na halikufunguka.

Gari likazima injini. Mlima wa Isyeto ulikuwa umesimama pale pale pembeni ya matairi, ukajifanya unaangalia kwingine.

"Kwa hiyo hatuendi?" Mama Lusajo akauliza.

"Hatuendi. Ukienda unafia Isyeto."

"Na nikibaki?"

Nikairudisha ile bisibisi fupi mfukoni.

"Nakuuliza wewe, fundi."

"Ukibaki unafia hapa."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Hapa nipo."

Akalifikiria hilo. Alikuwa mtu wa kufikiria kitu mpaka kiishe. "Haya," akasema. "Nisaidie nishuke, hiki kitanda kinaniuma mgongo."

Nikamshusha, nikamlaza juu ya boksi langu, nami nikakaa sakafuni.

"Ile taa," akasema. "Ulipoichomoa ulijua ni mimi ninayepanda?"

"Sikujua."

"Ungejua ungeichomoa?"

"Nisingeichomoa."

"Kwa hiyo kwa mke wa mwenzio unachomoa."

Nilitafuta jina la Bwana Kyando mdomoni nimpe, nikalikuta, lakini halikutosha. Taa ilikuwa inamulika kidevu chake kutoka chini, na sikuona hasira usoni. Hasira ingenisaidia.

"Basi," akasema. "Miaka yote hiyo unasikiliza magari ya serikali. Mimi hujanisikiliza hata siku moja. Leo nisikilize."

Kuna bisibisi yangu ndefu, ya mpini wa mti. Ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unaubana sikioni, na injini inakwambia yote yaliyo tumboni mwake, hata ambayo mashine haiyaoni. Nikaichukua. Nikaweka ncha chini ya taa, polepole, nikaegesha sikio la kulia kwenye mpini.

Nasikia. Inapiga, inapiga, inaruka. Inapiga, inaruka mbili. Inavuta kama inayotafuta mafuta ambayo hayaji.

"Nimeupata ugonjwa," nikasema.

"Ni nini?"

Nikamweleza, kama ninavyomweleza mwenye gari anayetaka kuelewa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Unatengenezeka?"

"Spea hakuna."

"Lakini upo."

"Upo. Ulikuwepo siku zote."

"Si niliwaambia," akasema, akacheka kidogo, na nikakisikia kicheko kwenye mpini kabla hakijafika mdomoni. "Baba Lusajo, usitoe sikio."

Sikutoa. Ikapiga. Ikaruka. Ikapiga kwa mbali. Nimesikia injini nyingi zikifa njiani, zinakoroma, zinajitupa. Hii haikujitupa. Ilipunguza, ikapunguza, kama gari lililofika kwake, halafu ikabaki ile milio midogo ya chuma kinachopoa. Nikaendelea kusikiliza. Taa ilizimika yenyewe, hakuna aliyeigusa.

Nimeamka jua limeshaingia dirishani. Dada yangu Tusekile, anayetupikia tangu msiba, alikuwa ameingia na uji. Akauweka juu ya stuli, akaniinamia.

"Kaka, ulikuwa wapi wewe?"

"Hapa."

"Na sikio hili?"

Akapitisha kidole kwenye sikio langu la kulia, akanionyesha. Grisi. Imezunguka tundu la sikio, duara kamili, upana wa mpini.

"Umerudi karakana na hutuambii," akasema.

Nikamwambia sijarudi. Tangu tumzike sijashika hata spana, vifaa vyangu vyote vimefungiwa kwenye kabati la karakana, na ufunguo wanao wao.

"Grisi haiji yenyewe, kaka." Akashika ncha ya kanga yake afute, kisha akarudisha mkono haraka, akakitazama kile kidole chake. "Mbona ni ya moto?"