Dua kwa Jina la Mama

Shukurani ya punda ni mateke, ndivyo tunavyoambiwa. Miye nasema punda kasingiziwa: mateke ni shukurani ya binadamu, na punda kaiga kwetu.

Siku ya kuagwa kwangu, Mjomba Hazim alinisubiri nje ya nyumba ya Bibi, hapa Ibra, Omani. Alikuwa ametoka kazini Izki, kilemba bado kichwani. Akanivuta kando.

"Wakikuuliza nani anakusomesha, sema wafadhili wa Ulaya. Basi."

"Wana jina lao, Mjomba."

"Jina lao liache huko huko London."

Wanaonisomesha sheria ni mfuko wa hisani wa mawakili wa Kiyahudi. Husaidia wanafunzi wa dini yoyote, na kila mwanafunzi hupewa wakili mmoja wa kumshika mkono. Wangu ni mama wa makamo anayeitwa Naomi. Siku ya usaili niliwaambia wazi uchungu wangu juu ya Ghaza, nikadhani nimejifungia mlango mwenyewe. Naomi alivua miwani, akaifuta, akasema, "Wakili asiyesema lililo moyoni mwake atamsemea nani?" Wakanichukua.

Bibi Kudura alijua kuwa naenda; hakujua ni kwa msaada wa nani. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu, binti yake Ahlam, alipofariki. Bila ya radhi yake nisingepanda ndege.

Nyumbani kwetu msafiri haombewi peke yake. Kila aliyemsaidia hutajwa katika dua, kwa jina lake na jina la mama yake. Ni ada aliyokuja nayo Bibi kutoka Unguja. Ndani, wanawake walikuwa wameshakaa, halwa iko katikati, jirani yetu Bi Shukriya akimimina kahawa. Bibi akainua mikono. Alimtaja aliyenishonea nguo, akamtaja Mjomba aliyenikatia tiketi. Kisha akanigeukia.

"Na anayekusomesha?"

Nje, Mjomba alikohoa.

"Naomi, Bibi. Wakili wa Kiyahudi. Yeye na wenziwe."

Dele la kahawa lilisimama hewani.

"Astaghfirullah!" alisema Bi Shukriya. "Ghaza inaungua, nawe unatuletea hilo kwenye dua?"

"Ya Ghaza niliwaambia wao kabla sijakwambia weye, Bi Shukriya."

Bibi hakumtazama jirani. Alinitazama miye.

"Siku zote hizi ulikuwa ukijua, ukanificha?"

"Niliogopa utanizuia."

"Unaniogopa miye! Miye niliyekutafunia nyama huna meno!"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Nilijua safari imeshaharibika. Akapenga kamasi, akauliza, "Mama yake nani?"

"Mama wa nani, Bibi?"

"Huyo Naomi. Au hana mama, kaanguka mtendeni?"

Sikujua. Nilimwandikia palepale kwenye simu, nikamweleza kwanza ada yetu, maana utaanzaje kumuuliza wakili mzima jina la mama yake? Nilidhani atashangaa. Jibu lilikuja kahawa haijapoa: "Mama yangu ni Raheli. Kwetu pia mtu akiumwa huombewa kwa jina la mama yake. Mwambie bibi yako kuwa wiki ijayo napasuliwa goti. Na wako anaitwa nani? Nataka wenzangu wakuombee safari."

Niliwasomea kwa Kiswahili. Swali la mwisho nililisoma mara mbili. Wanaoniuliza jina la baba ni wengi, kila ofisi. La mama yangu halikuwa limeulizwa na mtu tangu azikwe.

"Mwandikie," alisema Bibi. "Manar binti Ahlam. Uandike vizuri, wasije wakamwombea mwengine."

"Na goti lake, Bibi?"

"Nimesikia. Yeye goti moja, miye yote mawili. Tutamwombea afya. Shukriya, ukitaka kunyamaza nyamaza, lakini mimina, watu wana vikombe vitupu."

Bi Shukriya akamimina. Bibi alipomtaja Naomi binti Raheli, jirani hakuitikia amini. Bibi alipomtaja Manar binti Ahlam, aliitikia kwa sauti kuliko wote, kwani alikuwa shoga wa mama yangu, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Bibi aliniwekea kiganja utosini, akakiacha hapo mpaka kikapata joto.

"Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo."

Nilipotoka, Mjomba alikuwa amesimama palepale.

"Umetuaibisha mbele za watu. Rudi ndani uwaombe radhi."

"Nimemtaja aliyenitendea wema, Mjomba."

"Neno moja tu, Manar. Waombe radhi yaishe."

"Siombi. Leo siombi, na nikirudi siombi."