Vigurudumu Viwili vya Galu

Mwaka wa hamsini na sita, wageni wawili wa hoteli waliwaachia Alfani na shemeji yake Mbwana fito za kuvulia samaki, kila ufito na kigurudumu chake cha kukunjia mshipi. Tangu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, wawili hao walikuwa ufuoni Galu wakibishana.

"Changu chakunja upesi," alisema Mbwana.

"Changu cha chuma, hata papa hakivunji," alijibu Alfani.

Mwishowe wakafunga mshipi wa huyu kwa mshipi wa yule, wakavutana kama watoto. Chambo kikawakaukia juani.

Mwanapili, mkewe Alfani, aliwapita akienda mwambani kuchokoa pweza. Akawapita tena akirudi na pweza wawili, maji yanajaa, nao bado wanavutana. Hasira zilimpanda, lakini akatabasamu.

"Baba Mwanaima, kizito ni kipi?"

"Changu!" Alfani alitunisha kifua. "Hata kaka yako ajua."

"Alhamdulillahi." Akawatupia pweza miguuni, kila mtu wake. "Pweza hapikiki mpaka apondwe akalainika. Basi pondea hicho kizito chako. Nawe kaka, chako ni chepesi, utaponda mara mbili."