Jina la Aliyeleta Dondakoo

Mwaka ule wa 1956, dondakoo ilipoingia uwanda wa Ruzizi, watu wawili tu walikuwa na haraka katika zahanati ya Kasenga: Gratien, muuguzi aliyehitimu karibuni, na Claire, mtoto wa miaka minne ambaye koo lake lilikuwa likizibwa na utando wa kijivu. Wengine wote walikuwa na karatasi.

Seramu ilikuwepo. Chupa sita zilikaa kabatini, na ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa Bwana Deprez, ofisa wa afya. Lakini amri ilikuwa amri: chupa haitoki mpaka fomu ijae, na fomu ilikuwa na mstari mmoja usiokubali kubaki mtupu, jina na kijiji cha mtu aliyeleta ugonjwa.

Hapo ndipo kazi ilipolala. Wakulima wa Nyakabere waliapa kwamba ugonjwa umeshuka kutoka Rurambo ndani ya vibuyu vya maziwa. Wafugaji wa Rurambo wakajibu kwamba huko juu hewa ni safi; wanaokoholeana usoni ni watu wa bondeni. Tangu asubuhi wajumbe wa pande zote walikaa barazani wakitukanana kwa heshima zote, naye Bwana Deprez akiandika na kufuta.

Gratien, ambaye alikuwa amesoma jarida moja la kitabibu mpaka likachanika mikunjo, alisimama kueleza. Vijidudu vya dondakoo, alisema, vinaweza kukaa kooni mwa mtu bila kumtilia sumu. Vinaanza kutengeneza sumu pale tu vyenyewe vinapoingiwa na kirusi, kitu kidogo kuliko hivyo, ambacho huvipa maagizo ya kuitengeneza. Na kwa darubini, vyenye sumu na visivyo na sumu hufanana kama mapacha. Basi tunamtafuta mkosaji gani, na mtoto anakufa?

Mzee Herménégilde wa Nyakabere alicheka mpaka akashika mbavu.

"Muganga, unasema mududu naye iko mugonjwa? Basi tumupelekee pole na ndizi."

Hata watu wa Rurambo walicheka. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku hiyo. Bwana Deprez hakucheka. Alifikiri sana, kisha akauliza, kalamu mkononi, hicho kirusi ni cha kijiji gani.

Nyuma ya ukuta Claire alivuta pumzi kwa mlio wa msumeno kwenye ubao mbichi. Mama yake, Bernardine, alikuja mlangoni. Hakulia.

"Muganga," alisema, "minye sina kijiji cha kuwapa. Niko na mutoto tu."

Gratien aliingia maabara, akajipangusa koo kwa kijiti cha pamba, akakipaka kwenye kipande cha kioo, akatia rangi na kutazama kwa darubini. Wiki nzima alikuwa ameinamia makoo ya watoto. Ingekuwa ajabu asivikute vijidudu kwake. Vilikuwepo. Kama vilikuwa na sumu au la, hakujua, wala hapakuwa na mtu Uvira nzima wa kujua. Alirudi na kioo na darubini, akaviweka mbele ya Bwana Deprez.

"Andika minye. Gratien, wa Kasenga."

Bwana Deprez alitazama kwenye darubini, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mstari ukajaa. Ufunguo ukazunguka. Sindano ikaingia.

Gratien alifungiwa siku ishirini na moja katika kibanda cha karantini, na jina lake likatangazwa vijijini kote. Siku ya tatu, kupitia ukuta wa matete, alimsikia Claire akigombana na mama yake na kukataa uji, kwa sauti ya chura lakini kwa pumzi nzima. Alikaa chini akafunika uso.

Mchana ule ule wajumbe wa Nyakabere na Rurambo, wote wakiwa wametakaswa, walipatana uani kwa mtungi wa kasiksi, pombe yao ya ndizi. Mrija ulikuwa mmoja. Kila mzee alinyonya, akampa jirani yake.

Gratien alikimbilia dirishani akawasihi kila mtu achukue mrija wake.

Mzee Herménégilde alimtazama kwa huruma, mrija ukiwa bado mdomoni.

"Songa nyuma, Muganga," alisema. "Mugonjwa ni weye."